Miche 187: kisa cha mwanachama mpya aliyehesabu

Kikundi chetu ni cha watu wa kijiji kimoja upande wa magharibi ya Pemba, kule ambako bahari inaingia ndani ya nchi kwa mahori marefu na mikoko imesimama pande zote mbili. Tuko thelathini na kitu, wengi wetu wanawake. Tunapanda mikoko, tunailinda isikatwe ovyo, tunasafisha pwani. Hatulipwi. Jina la kijiji nimelificha na majina ya watu pia; waliokuwemo watajijua. Mimi nilikuwa katibu wakati ule na hata sasa ndiye katibu, kwa hiyo msinisome kama kadhi. Nambari iliyozusha mambo yote haya niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Mwanachama mpya aliingia mwezi wa Septemba. Alikuwa mwalimu mstaafu, aliyesomesha hesabu skuli za Unguja miaka mingi, akarudi kwao kupumzika, na kupumzika kukamshinda katika wiki mbili. Sote tukimwita Maalim. Alifuata njia ya adabu: alikwenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu, sheha akamwelekeza kwa mwenyekiti wetu, ambaye sisi tunamwita Mzee tu, na Mzee akamleta kwangu penye daftari. Akalipa kiingilio, akatia saini, akauliza kazi ni siku gani. Nikamwambia hatuna siku, tuna maji. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likija tunashuka. Maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo, tunabaki kitaluni. Akacheka, akasema mjini kumemsahaulisha.

Hakuuliza posho. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Nyuma yetu ulipita mradi uliokuwa ukilipa posho kwa kila siku ya kazi, na ulipokwisha, nusu ya wanachama wakaisha nao. Waliobaki walibaki kwa sababu zao, wengine kwa kuipenda kazi, wengine kwa kungojea mradi mwengine. Mtu anayekuja kukanyaga tope bila kuuliza atapata nini alitutia wasiwasi kuliko ambaye angeuliza. "Anatafuta uenyekiti huyo," walisema baadhi. "Anataka kugombea," walisema wengine, na uchaguzi mkuu ulikuwa mbali kabisa.

Tulimpa kazi ambayo kila mgeni hupewa: kujaza vifuko. Mkoko wenyewe hauhitaji kifuko. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikaning'inia ndefu na nyembamba kama tunda la mlonge, na ikipevuka unaichomeka topeni moja kwa moja. Lakini mchu na mkomafi, miti mengine ya jamii ya mikoko, tunavilea kwanza kitaluni, na mchanga wa vifuko hivyo lazima mtu aubebe. Maalim alibeba. Siku yake ya kwanza mikokoni alikuja na mabuti marefu ya mvua, hatua ya tatu buti moja likabaki topeni na mguu ukatoka mtupu. Siku ya pili alikuja pekupeku, akakatwa na gamba la chaza. Siku ya tatu alivaa raba kuukuu zilizofungwa kamba mpaka kwenye kifundo, kama sisi. Huo ndio mtihani wetu wa kuingia, hata kama haumo katika katiba.

Aliyemfundisha mbegu ni bibi mmoja ambaye si mwanachama, maana hajawahi kulipa ada na hakuna aliyewahi kumdai. "Usiivute," alimwambia. "Ishike hapa shingoni, uizungushe kidogo tu. Ikiachia, yako. Ikikataa, ya mti." Akamwonyesha ile pete ya manjano inayojitokeza chini ya kofia ya mbegu ikiwa tayari. Maalim akatoa kalamu, akaandika. Bibi akanitazama mimi, kama anayesema: huyu anaandika kila kitu.

Siku ya wageni

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kosa la kwanza lilitendeka Maalim hajafika. Tarehe 26 Julai ni Siku ya Mikoko Duniani. UNESCO iliipitisha mwaka 2015, na vikundi kama chetu huipenda kwa sababu ndiyo siku wageni wanapokumbuka kuja. Mwaka ule iliangukia karibu na mwezi mwandamo. Mtu wa pwani atajua maana yake: bamvua. Na huku kwetu siku za bamvua maji hukupwa kabisa kwenye saa nne ya asubuhi, saa ambayo wageni ndio kwanza wamemaliza chai. Wakateremka, wakakuta uwanja wa tope uliofunguka mpaka mbali, safi, hauna mzizi wala kijiti. Ungedhani unangojea miti.

Tukafunga kamba yenye fundo kila mita moja. Tukachomeka mbegu, theluthi ndani, theluthi mbili nje. Watoto wa skuli wakaimba, picha zikapigwa, mistari ilinyooka kama ya gwaride. Mbegu zilipoelekea kutotosha tukatumia zile zilizochumwa jana yake kwa haraka, na za haraka huvutwa, hazizungushwi. Saa mbili zikatosha. Nikaandika: miche 3,000.

Bibi alisimama ukingoni na ndoo yake. "Hapo nachimba kombe mimi," alisema. "Tangu nipate akili sijaona mti hapo." Hakusema kwa ukali, wala hakumwelekea mtu. Nilimsikia. Mzee alimsikia. Mgeni mmoja aliyekuwa karibu akauliza bibi anasemaje, akajibiwa kwamba anawakaribisha.

Mkoko ni mti wa bahari, lakini si samaki. Huota nusu ya juu ya eneo ambalo maji hupanda na kushuka. Unataka ufunikwe, kisha ufunuliwe uvute pumzi, na muda wa kufunuliwa uwe mrefu kuliko wa kufunikwa. Ukiuteremsha chini zaidi, mche unashinda majini, unagandwa na vigamba vya baharini mpaka unainama kwa uzito, na mwani unaoelea unamalizia kazi. Ufilipino walilipia somo hilo kwa fedha nyingi. Utafiti wa Jurgenne Primavera na mwenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba katika upandaji mkubwa wa huko, miche iliyodumu ilikuwa kama asilimia 10 hadi 20 tu, na sababu mojawapo kubwa ni kupanda kwenye tope tupu la chini, kwa kuwa sehemu za juu zilikuwa zimeshachukuliwa na wenye mabwawa ya samaki na huku chini hakukuwa na wa kudai. Sisi hatukuwa tumesoma hayo. Lakini tulikuwa na Bibi, naye pia hatukumsoma.

Ubao

Mwezi wa Januari Maalim alihesabu. Hakutumwa na mtu. Alishuka bamvua moja, siku tatu mfululizo, na kamba yake na daftari la mistari ya miraba, akapita safu kwa safu. Tulimwona. Tulidhani anafanya mazoezi ya mgongo.

Mkutano wa mwaka ulikuwa Februari, katika darasa la skuli, sheha yupo, na mwakilishi wa wafadhili kaja kwa boti kutoka Unguja. Nilisoma taarifa. Nilipofika kwenye miche 3,000 mwakilishi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Maalim akanyoosha kidole kama mwanafunzi, akapewa nafasi, na badala ya kusema alipokaa akenda ubaoni. Chaki ilikuwepo, na hiyo nadhani ndiyo iliyomponza. Akaandika 3,000. Chini yake akaandika 187. Akapiga mistari miwili chini ya jawabu. "Iliyo hai," akasema, akarudi kukaa.

Hakuna aliyekohoa. Mwakilishi aliandika kitu. Mzee aliutazama ubao muda mrefu, halafu akaitazama mikono yake. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Huyu kaja lini hapa?" Nikafunga daftari.

Hakufukuzwa. Kwetu mtu hafukuzwi, huachwa. Baada ya siku mbili likaundwa kundi jipya la WhatsApp, wanachama wote wamo isipokuwa yeye, na la zamani likabaki na salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba. Mimi nilitiwa katika kundi jipya. Sikusema kitu, sikutoka. Nalitaja hili kwa sababu wanaosimulia visa vya vikundi hupenda kusema "kukatokea kutoelewana". Hakukutokea. Kuna mtu alibonyeza, na wengine tukanyamaza.

Kilichotuumbua ni maji. Maalim hakuhitaji kutangaziwa kazi, alijua mwezi. Bamvua la kwanza baada ya mkutano tulipoteremka tulimkuta amekaa juu ya mzizi, raba zake amefunga, na kifuko cha tende pembeni. "Assalaamu alaykum," akasema. "Naona leo mmechelewa."

Kosa la nani

Nimeulizwa mara kadhaa, na watu wa vikundi vyengine pia, kama Maalim alikosea. Nambari yake ilikuwa sahihi. Nilirudia kuhesabu mwenyewe safu mbili, nikapata vilevile. Kuna wanaosema kwa hiyo hakukosea, ukweli ni ukweli. Mimi siwakubalii moja kwa moja. Mzee ana miaka zaidi ya kumi katika kazi hii, amewahi kusimama usiku mbele ya wakata boriti na tochi tu mkononi. Mtu kama huyo kuonyeshwa mbele ya sheha na mgeni kwamba kazi yake ni sita kwa mia, bila hata kunong'onezwa siku moja kabla, ni kuvuliwa nguo. Sitara haikuwekwa kwa ajili ya wezi peke yao. Maalim alikaa nasi miezi mitano akajifunza tope lote, akasahau kwamba nambari nayo ina mlango wa kupitia.

Baadaye alinieleza kwamba hakukusudia kumuumbua mtu. Kwake ubao ni mahali pa kufanyia hesabu pamoja. Miaka yote aliandika kosa ubaoni ili darasa zima lilisahihishe. Ninamwamini. Lakini darasani mwalimu ndiye mkubwa, na kule yeye alikuwa mjaza vifuko.

Hata hivyo, kama mizani ni yangu, upande wetu ni mzito zaidi. Mzee hakusema uongo: miche 3,000 ilipandwa kweli. Fomu ya wafadhili iliuliza iliyopandwa, nasi tukajibu iliyoulizwa. Daftari langu lilikuwa na safu ya tarehe, safu ya mahali, safu ya idadi, safu ya waliohudhuria. Halikuwa na safu ya iliyokufa. Kwa miaka yote ile hakuna aliyerudi kutazama, na si kwa uvivu. Tulikuwa tukipita pale kila wiki. Tuliona vijiti vikilala. Kila mtu aliona peke yake. Mwanachama wa zamani asingeweza kuhesabu hata angetaka, maana kila mche uliokufa alikuwa ameupanda yeye au shangazi yake. Alihitajika mtu ambaye hakuwepo siku ya wageni. Kwa hiyo kilichomfanya Maalim akosee namna ya kusema ndicho hichohicho kilichomfanya aweze kuhesabu, na sijui kama ungempata mwenye cha pili bila cha kwanza.

Safu ya juu

Kilichotutoa hapo si msamaha, kwa maana hakuna aliyeombana msamaha. Maalim alikwenda kwa Mzee baada ya alasiri, peke yake, na daftari lake la miraba. Mzee mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alimkaribisha kahawa, wakaongea karafuu, wakaongea mvua. Kisha Maalim akafungua daftari na kuuliza swali ambalo kama angelianza nalo Januari nisingekuwa na kisa cha kuandika: "Mzee, hii 187 imepona kwa nini?"

Maana hakuwa amehesabu jumla tu. Alikuwa ameweka nukta kwenye mraba kwa kila mche ulio hai, na nukta karibu zote zilikuwa ukurasa wa juu, katika safu nne zilizo karibu na mchu wa zamani. Chini ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe. Mzee, ambaye kusoma kwake ni kwa shida lakini bahari anaijua kama kiganja chake, aliweka kidole kwenye mpaka wa nukta akasema, "Hapa ndipo maji mafu yanapofika." Mara moja. Siku ya wageni tuliteremka kupanda mahali ambapo hata maji mafu hayapakosi.

Kutoka hapo mazungumzo yakahama kabisa. Kama chini hapafai, juu kuna nini? Juu, nyuma ya mchu, kuna majaluba ya chumvi yaliyoachwa. Zamani mikoko ilifyekwa hapo, matuta yakajengwa kuzuia maji, chumvi ikavunwa, kisha bei ikamshinda mwenyewe akaondoka. Tuta likabaki. Ndani yake udongo ulipasuka kwa jua, na visiki vya msinzi, mkoko wa aina nyengine, bado vinaonekana. Miaka yote tulikuwa tukipita juu ya tuta lile kwenda kupanda mbele yake.

Robin Lewis, mwanaikolojia wa Florida aliyetumia maisha yake kurudisha mikoko, alikuwa akihimiza kwamba kabla hujapanda uliza kwanza kwa nini mikoko haipo. Mara nyingi ukiyarudisha maji, mbegu huja zenyewe. Maalim aliyapata hayo kwenye simu. Mzee akasema hilo halihitaji Mmarekani.

Kuvunja tuta si jambo la kuamka na pauro. Kulikuwa na mwenye majaluba, anaishi Unguja. Sheha alimpigia, akakubali. Kulikuwa na Idara ya Misitu. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 inairuhusu jamii kuingia mkataba na serikali wa kusimamia msitu wake, kamati ya shehia yetu inao mkataba huo, na mkataba una masharti, kwa hiyo afisa alikuja akapima, akaandika. Na kulikuwa na bwana mmoja mwenye bonde la mpunga nyuma ya majaluba, aliyekuja juu kwa haki kabisa: Pemba hii tumeona mashamba yakiingiliwa na maji ya chumvi mpaka yakaachwa. Tukakubaliana tuta la upande wa nchi kavu lisiguswe, liongezwe udongo hasa. Huyo bwana ndiye mwanachama wetu mpya wa mwisho. Anasema amejiunga atulinde sisi dhidi yetu wenyewe.

Mahali pa kuvunja alipaona mjukuu wa Maalim. Kwenye picha ya setilaiti, ndani ya majaluba yaliyokauka, kuna mstari mweusi unaojipinda: hori la zamani. Linapokatwa na tuta ndipo tulipochimba, mabamvua mawili, saa mbili mbili kila siku kabla maji hayajarudi. Udongo wa tuta lile ulikuwa umeshikana kama saruji. Siku ya mwisho Mzee alitoa pauro ya mwisho mwenyewe, na hakuna kilichotokea. Tukakaa. Tukala muhogo. Kwenye saa tisa maji yakaja, membamba kwanza, kahawia, yamebeba majani na mapovu, yakaufuata ule mjipindo kana kwamba yameondoka jana tu. Bibi alikuwepo. Safari hii hakusema kitu, na hakuna aliyemuuliza alisemaje.

Masika yaliyofuata ndani ya tuta tulikuta msinzi na mkandaa wamejiotea, wachache kando ya hori kwanza, halafu zaidi. Kazi yetu sasa ni kuzuia mbuzi wasiingie, kuzibua mlango ukizibwa na takataka, na kuhesabu. Wapo wanachama wanaolalamika kwamba kutopanda kunaonekana kama kutofanya kazi. Mimi huwaambia watazame Kidike, kijiji cha hapa Pemba kinachohifadhi popo. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwengine kokote duniani, mwaka 1996 alikuwa katika daraja la walio hatarini mno kutoweka, na kufikia 2008 alikuwa ameteremshwa madaraja mawili. Watu wa Kidike ni miongoni mwa waliomlinda, na kazi yao kubwa ilikuwa kuacha kumwinda na kumchunga mtini pake. Wananisikiliza kisha wanauliza siku ya wageni itakuwaje.

Daftari langu lina safu tatu mpya: iliyo hai, iliyokufa, iliyojiotea. Maalim ndiye anayezijaza, na kabla hazijaja kwangu zinapita kwa Mzee na kahawa. Kundi la pili la WhatsApp lilikufa lenyewe, hakuna aliyelifuta.

Fomu ya mwaka huu imekuja wiki iliyopita. Ni ileile, hawajabadilisha hata herufi: "Idadi ya miche iliyopandwa." Tulikaa watatu barazani kwa Mzee. Nikaandika sifuri. Mzee akaigeuza fomu, akaitazama sifuri ile kwa jicho moja, kama anavyotazama wingu.

"Pana nafasi hapo pembeni?" aliuliza.

"Ndogo," nikamwambia.

"Basi mpe Maalim. Yeye ana mwandiko mdogo."